Kisigino cha Refa Vénuste

Vénuste Nzabonimpa alikuwa kinyozi siku sita za wiki, na siku ya saba alikuwa refa. Kazi hizo mbili hazipendani. Jumapili unamtoa mtu uwanjani kwa kadi nyekundu mbele ya wakwe zake, Jumatatu mtu yule yule anaketi kwenye kiti chako, anafungwa kitambaa shingoni, anakukodolea macho kwenye kioo. Vénuste alikuwa na dawa moja ya hali hiyo. Aliuchukua wembe, akaupitisha polepole kwenye mkanda wa ngozi, mara tatu, mara nne, kisha akauliza kwa upole: "Sasa Papa, tuongee juu ya ile kadi?" Miaka yote niliyokaa jirani naye sikumwona mtu aliyetaka kuiongelea.

Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza hiyo hiyo, pale Kamembe, kando ya barabara inayoteremka kwenda mpakani. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, tena mwembamba, kwa hiyo mengi nitakayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu. Mengine alinieleza mwenyewe, na yale aliyoona haya kuyaeleza, mkewe Nzigire aliyamalizia kwa furaha.

Vénuste alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, katika mtaa wa Kadutu, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko zamani. Alirudi Rwanda mwaka tisini na tano, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari, yeye, Nzigire ambaye ni Mushi, kabila la huko Bukavu lisemalo Kimashi, na binti yao Hirwa. Walivuka daraja la Rusizi ya Kwanza na magodoro mawili, sanduku la mikasi, na filimbi yake ya urefa ikining'inia shingoni. Kamembe ya wakati ule ilijaa watu wasiojuana. Kulikuwa na waliobaki na waliorudi, na wengine wakaja baadaye kutoka kambi za wakimbizi. Watu walisalimiana, lakini kila mmoja aliyapima maneno yake kabla ya kuyatoa. Mpira ulipoanza kuchezwa tena, timu zilipatikana haraka. Refa ndiye aliyekosekana. Nani angekubali kusimama katikati ya watu wale na kusema huyu ana haki na huyu hana?

Vénuste alikubali. Alisema urefa una siri moja tu, nayo ni kuwa karibu na mpira. "Refa akikaa mbali," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "ile nafasi kati yake na mpira, batu banaijaza maneno yabo." Basi alikimbia. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alikimbia kama mbuzi aliyeona mlango wa shamba wazi. Mchezaji akianguka, alipoinua kichwa alikuta viatu vya Vénuste mbele ya pua yake. Watu walimtukana, kama refa yeyote anavyotukanwa, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba hakuona.

Mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na moja, akiwa na miaka arobaini na mitatu, kisigino chake cha kulia kilianza kumsumbua. Si kisigino chenyewe hasa, bali ule mshipa mgumu ulio nyuma yake, unaopanda kwenda kwenye shavu la mguu. Asubuhi, alipoweka mguu chini, ulikuwa umekakamaa kama kamba iliyolala nje kwenye umande. Akitembea kidogo ulilegea. Jioni, baada ya mchezo, ulirudi kumchoma. Palitokea na uvimbe mdogo kama punje ya haragwe, vidole viwili juu ya kisigino.

Nzigire alimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Mteja mmoja akampa pomadi yenye ukali wa kuwatoa machozi watu wote wa barazani. Akapumzika wiki mbili, akapata nafuu, akafurahi, akaenda kukimbia, na kesho yake hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo wanaume wengi hulifanya. Akanyamaza. Na uwanjani akaanza kuiba hatua. Mpira ukienda mbali, yeye alisimama kwenye duara la katikati, akinyoosha mkono kama mtu anayejua sana.

Siku ya aibu yake ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tano. Timu ya Kamembe ilicheza na timu ya Nyakarenzo. Kocha wa Nyakarenzo alikuwa Gratien, mkulima mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuitia ng'ombe, ambaye Vénuste alikuwa amemnyoa kila mwezi kwa miaka sita. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ulikuwa matope matupu. Dakika zilikuwa zinakwisha bila bao. Mara mlinzi wa Kamembe akaupiga mpira mrefu mbele, mshambuliaji akaruka pamoja na kipa, na mpira ukaingia wavuni. Wachezaji wote wa Nyakarenzo wakainua mikono juu. "Mkono! Ameshika na mkono!" Mshika kibendera wa upande ule alikuwa ameteleza, yuko chini anafuta matope machoni.

Vénuste alikuwa nyuma kwa hatua hamsini. Hakuona kitu ila migongo ya watu. Akapuliza filimbi, akaonyesha katikati. Bao.

Kesho yake Gratien aliteremka kutoka Nyakarenzo kwa miguu. Alisimama mlangoni pa kinyozi, hakutaka kukaa.

"Vénuste, minakuuliza kitu moja tu. Uliona ama haukuona?"

Mimi niliacha kushona.

"Niliona," Vénuste akasema.

"Bon, basi," Gratien akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo maneno yakaanza kupanda vilima. Wengine walisema Vénuste ameipa Kamembe bao la bure kwa sababu anaishi Kamembe. Hilo si kitu. Lakini wengine wakaanza kuuliza Vénuste ni wa nani, ametoka wapi, anawapenda akina nani. Miaka ile swali hilo halikuwa la mchezo. Vénuste aliyasikia yote. Kinyozi husikia kila kitu. Aliendelea kunyoa vichwa, na jioni alijikokota nyumbani huku akishika kuta.

Nzigire ndiye aliyekata shauri. Alikuwa muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, sokoni, na sauti yake ilizoea kushindana na wauza sambaza wenzake.

"Papa Hirwa, unatembea kama muntu mwenye kuiba mayai. Kesho tunaenda kwa masista."

"Kwa masista kuna balemavu. Mimi siko mulemavu."

"Kesho. Na kama haukubali, minakubeba mgongoni, soko nzima ione."

Wakaenda. Masista walikuwa na kituo juu ya kilima kinachotazama ziwa, na ndani yake karakana ya kutengeneza miguu ya bandia. Nje palikuwa na benchi refu. Watu walioketi hapo walikuwa wamekatwa miguu na vita, na mabomu ya ardhini, na panga. Vénuste alipowaona akasimama ghafla. Aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi immeze, yeye na miguu yake miwili mizima. Akageuka kutaka kuondoka. Hapo ndipo mzee mmoja mwenye magongo, aliyeketi mwisho wa benchi, akamwita.

"Wewe! Siyo wewe arbitri wa mpira?"

Huyo alikuwa Muhire, aliyekuwa akivusha watu ziwani kwa mtumbwi hadi alipokanyaga bomu, miaka minne nyuma. Alikuwa amekuja kurekebishiwa mguu wake wa bandia uliokuwa unamkwangua. Vénuste akasema ndiyo, ni yeye.

"Siku ya Nyakarenzo nilikuwa pale, nyuma ya goli," Muhire akasema. "Minakuambia ukweli wa Mungu, hata mimi, na hii muguu moja, nilikuwa karibu na mpira kukushinda!"

Benchi zima likaangua kicheko. Walicheka wote, hata mama mmoja aliyekuwa amefunika uso kwa kitenge tangu asubuhi. Muhire akasogea, akapigapiga nafasi iliyobaki. "Kaa, Papa. Muguu yenye kuuma ni muguu. Hapa hatuhesabu."

Vénuste akakaa.

Aliyempokea ndani alikuwa mwanamke kijana, mrefu, aitwaye Mukundwa. Watu walimwita "kine", jina wanalopewa wale wanaotibu viungo kwa mazoezi. Hakuwa na haraka. Alimlaza kifudifudi, akaufinya ule mshipa kati ya vidole viwili kuanzia chini hadi juu, na alipofika kwenye haragwe Vénuste akapiga kelele. Akalikamua shavu la mguu, akautazama unyayo ukijikunja wenyewe. "Vizuri. Haijakatika." Kisha akamsimamisha, akamwambia ainuke kwa vidole vya mguu mmoja, arudi chini, ainuke tena. Mguu wa kushoto ulifika ishirini na tano. Wa kulia uliishia mara ya sita, ukitetemeka.

"Hii siyo mshipa wa damu," Mukundwa akamweleza. "Inaitwa kano. Ni kamba inayofunga nyama ya mguu kwenye mfupa wa kisigino. Yako imechoka. Kila siku unasimama, Jumapili unakimbia, na nyuzi zake zinaharibika haraka kuliko zinavyojitengeneza."

"Basi nipumzike?"

"Umesema ulipumzika wiki mbili. Ilisaidia?"

Vénuste akatikisa kichwa.

"Kamba ya mwili haiponi kwa kulala. Inapona kwa kubebeshwa kazi, polepole, kila siku, mpaka inakuwa na nguvu. Njoo hapa."

Akampeleka kwenye ngazi ya saruji. Akamwonyesha: simama ukingoni kwa vidole, visigino hewani. Inuka kwa miguu yote miwili. Kisha uachie mguu mzima, uzito wote ubaki kwenye ule mgonjwa, ushuke taratibu, taratibu, mpaka kisigino kiwe chini ya ngazi. Kupanda tena, tumia mguu mzima. Mara kumi na tano goti likiwa limenyooka, mara kumi na tano likiwa limekunjwa kidogo. Unarudia hivyo mara tatu. Asubuhi na jioni. Kwa wiki kumi na mbili.

Vénuste akajaribu mara moja, akang'ata midomo. "Inauma!"

"Najua. Maumivu ya kuvumilika yanaruhusiwa. Kama kesho asubuhi mguu umekuwa mbaya zaidi, punguza."

"Mademoiselle, mimi nimekuja na maumivu. Wewe unanipa mengine?"

"Ndiyo," Mukundwa akasema, akaandika kwenye karatasi. "Na hakuna kukimbia mpaka nikuambie. Hii karatasi mpelekee Zulaikha."

Zulaikha alikuwa fundi viatu katika mtaa wa Waislamu wa Kamembe. Kazi alifundishwa na baba yake, na baba alipofariki watu walidhani karakana itafungwa, lakini asubuhi ya siku ya tatu wakamkuta binti kaketi kwenye kigoda kile kile, ushungi kaufunga nyuma ya shingo, anakata tairi. Masista walimpa kazi ya kushona mikanda ya miguu ya bandia, na hivyo akajifunza mengi kuhusu namna mguu unavyokaa ndani ya kitu.

Aliisoma karatasi, akaiweka chini, na badala ya kuutazama mguu akaomba viatu. Akaingiza kidole kwenye kiatu cha kulia, upande wa nyuma.

"Adui ndo huyu," akasema. Ukingo wa juu wa kile kiatu cha kuchezea ulikuwa umekakamaa kama gome, na ulikuwa ukimchimba Vénuste mahali pale pale penye uvimbe, kila hatua. Zulaikha akaukata kwa kisu, akashonea ngozi laini ya mbuzi. Kisha akatengeneza vipande viwili vya kuweka ndani chini ya visigino, raba chini, ngozi juu, vyenye mteremko kuelekea mbele, ili kisigino kiinuke na ile kano isivutwe sana.

"Mbona mbili? Muguu yenye kuuma ni moja."

"Papa, nikiinua moja tu, kiuno itakuja kulalamika hapa. Na mimi siko fundi wa viuno."

Vipande vya kwanza vilikuwa virefu mno. Vénuste alitoka navyo barabarani akitembea kama shangazi wa bibi harusi, na wanawake wa sokoni wakampigia vigelegele. Akarudi. Vya pili vilikuwa laini, baada ya siku tatu vikalala chapati. Vya tatu, unene wa kidole kimoja, vilikaa. Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya cherehani yangu bila kushika ukuta, na nikamwona akitabasamu peke yake.

Lakini soli haziponyi, alikuwa ameambiwa. Zinapunguza mateso wakati mazoezi yanafanya kazi. Na mazoezi aliyafanya kwenye kizingiti cha duka lake, akishika fremu ya mlango, mgongo kwa barabara. Fikiria mwenyewe: kinyozi mzima anapanda na kushuka kwenye kizingiti kimoja, haingii, hatoki. Wapita njia walisimama. Mmoja alisema ni sala ya dini mpya. Mwingine alisema anajifunza dansi la Kinshasa na hajafika mbali. Askari waliokuwa wakipita kwenda uwanja wa ndege walimtazama, wakatazamana, wakaendelea na safari.

Muhire alipopata mguu wake uliorekebishwa, akaanza kuja kila asubuhi kumhesabia. Hakuna aliyemwomba. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akahesabu kwa sauti ya mvuvi anayewaita wenzake ng'ambo ya maji. "Kumi na moja! Usikimbize! Kumi na mbili!"

Wiki ya tatu Vénuste alitaka kuacha. Mguu ulikuwa ule ule. Akaenda kwa Mukundwa na malalamiko, na Mukundwa akamwambia afanye mbele yake. Akatazama mara tano tu.

"Unadanganya," akasema.

"Mimi?"

"Unaanguka, haushuki. Na ukipanda, unapanda na mguu mgonjwa. Shuka kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Hapo ndipo dawa ilipo, kwenye kushuka."

Vénuste alirudi kizingitini. Neno lile, kudanganya, lilimfuata njia nzima, aliniambia, na si kwa sababu ya mazoezi.

Katika wiki ya sita Nzigire alivuka kwenda Bukavu kumwona mama yake. Mchana huo tukasikia milio ya bunduki ng'ambo, mpaka ukafungwa. Jioni wauza bidhaa wakarudi na mizigo yao wakisema hakuna anayevuka. Vénuste alipanda kizingiti. Akashuka. Akapanda. Siku iliyofuata alifanya hivyo hivyo, wateja wakangoja, wakachoka, wakaondoka. Muhire aliacha kuhesabu, akakaa tu naye. Siku ya tatu saa nne asubuhi mpaka ukafunguliwa, na Nzigire akapanda barabara na mfuko wa unga wa muhogo kichwani, akitembea kama mtu anayetoka kisimani. Alimkuta mumewe na kisigino kilichovimba kama andazi.

"Ulifanya mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Akaweka mfuko chini, akamtazama, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka. "Batu banapigana kule, mimi minalala chini ya kitanda ya mama, minafikiri, bwana yangu anaomba Mungu. Kumbe anapanda mulango!"

Mukundwa hakucheka sana. Alimpumzisha siku nne. Baada ya hapo maumivu yakaanza kupungua kwelikweli, hata akamwambia abebe mzigo mgongoni wakati wa kushuka. Nzigire akatoa mkoba wa shule wa Hirwa, akaujaza maharage. Kila wiki aliongeza vikombe viwili.

Wiki ya tisa, siku ya Alhamisi, Gratien aliingia. Hakuwa amefika tangu ule mwezi wa tano. Kwa miezi hiyo alikuwa akinyolewa na shemeji yake kijijini, na kichwa chake kilionekana kama shamba lililolimwa na mlevi. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake. Hakusalimia. Akakaa, akatazama kioo. Ndani kulikuwa na watu watatu, na Muhire, nami nikaja kusimama mlangoni.

Vénuste akamfunga kitambaa. Akachukua mkasi. Halafu akauweka chini.

"Gratien, sikuona."

"Nini?"

"Ile bao. Sikuona. Nilikuwa mbali. Muguu iliuma, nikaona haya kusema, nikakaa katikati. Na wakati uliniuliza, nilisema uongo."

Watu wakatazama sakafu. Gratien hakugeuka. Aliongea na kioo.

"Miezi tatu. Miezi tatu sisi kule Nyakarenzo tulikuwa tunatafuta sababu. Batu banasema Vénuste anachukia sisi. Banasema mambo mengi, mambo ya zamani. Mimi mwenyewe nilisema. Kumbe ni kisigino?"

"Ni kisigino."

"Kisigino tu?"

"Na haya."

Tumbo la Gratien likaanza kutikisika chini ya kitambaa. Sikujua kama ni hasira hadi kicheko kilipotoka, kikubwa, cha mtu aliyetua gunia. Akacheka mpaka akapiga magoti yake. Kisha akafuta macho, akawa mzito tena. "Jumapili utasema hiyo maneno Nyakarenzo, mbele ya batu. Siyo kwa ajili yangu. Kwa ajili ya ile maneno ingine."

"Nitasema."

"Bon. Ninyoe. Minaoza mutoto, na minaonekana kama mukungu ya ndizi."

Vénuste alikwenda. Nilimsindikiza. Alisimama nje ya kanisa baada ya misa, akasema kwa Kinyarwanda chenye lafudhi ya Bukavu kwamba alikosea na kwamba alidanganya. Hakukuwa na makofi. Bibi mmoja akamwuliza kama mguu unaendelea vizuri, akajibu unaendelea, na watu wakaenda makwao. Lakini lile swali la Vénuste ni wa nani sikulisikia tena.

Gratien naye, kwa kuwa alikuwa na maumivu yake upande wa ndani wa kifundo cha mguu, akaiga mazoezi ya kizingiti huko kwake, na gunia zima la viazi begani. Baada ya siku tano alikuja akichechemea, akimlaani Vénuste. Mukundwa akamtazama miguu, akaona unyayo mmoja umelala bapa. "Hiyo ni kano nyingine kabisa," akasema. "Kila mguu na dawa yake." Akampa ukanda wa mpira wa baiskeli auzungushe mguuni, auvute mguu kuelekea ndani, polepole, bila gunia. Zulaikha akamtengenezea soli yenye kilima kidogo katikati cha kuinua unyayo. Gratien alilalamika kwamba inamchokoza kama jiwe. Baada ya wiki mbili alikataa kuivua hata kanisani.

Wiki ya kumi na mbili Mukundwa alimsimamisha Vénuste kwa mguu wa kulia. Akainuka kwa vidole mara ishirini na tatu. Akamruhusu akimbie, kwanza dakika tano, kisha kumi, na mwezi wa kumi akamrudishia Jumapili zake.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Nyakarenzo. Alikimbia si kama zamani. Alikuwa mwangalifu zaidi, akikata pembe badala ya kuzunguka, lakini kila mpira uliposimama yeye alikuwepo. Kipindi cha pili mlinzi wa Nyakarenzo akampiga mtu ngwala ndani ya boksi, na Vénuste, hatua mbili kutoka hapo, akaonyesha penalti. Gratien alimtukana kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili na kwa maneno ya Kimashi ambayo hata Nzigire hakuyajua. Mlinzi mwenyewe aliinuka, akajipangusa, akasema kwa sauti ya chini: "Ni kweli, Papa, nimemugusa." Sisi Kamembe tukafunga. Tukashindwa hata hivyo, tatu kwa moja.

Aliendelea na urefa miaka mingine mitano. Kano yake haikurudi kuwa ya kijana. Siku za baridi bado hukakamaa asubuhi, na akiacha mazoezi kwa wiki mbili humkumbusha. Muhire alihamia Gisuma kwa mwanawe, akaacha kuhesabu. Vita ng'ambo vilipotulia kidogo, Vénuste na Nzigire walivuka kwenda kumwona mama mkwe Kadutu. Pikipiki zilikuwepo, lakini walipanda mlima wa kwenda huko kwa miguu, yeye akibeba mfuko wa mchele wa Bugarama. Mama mkwe, aliyekuwa amesikia habari za mkwe mgonjwa wa mguu, alikuwa amemwekea kiti na beseni la maji ya moto mlangoni. Vénuste, ingawa mguu haukumuuma, alimshukuru kwa heshima, akaketi, akaingiza miguu yote miwili kwenye maji, na akakaa hapo mpaka samaki jikoni walipoiva.